Kupima kani ya unyayo kwa vihisi vyembamba vya ukinzani: kazi ya miezi 4 juu ya soli ya mama mdogo, Mwanza

Mleta uzi (Igogo, Mwanza)

Ndugu wanajukwaa, habari za leo.

Mama yangu mdogo anauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na ameishi na kisukari kwa miaka mingi. Mwaka jana alikanyaga kipande cha chupa asubuhi wakati magunia yakishushwa, lakini hakujua mpaka jioni, alipovua viatu akakuta damu imegandia kwenye soli. Shemeji yangu ni fundi viatu, na tangu siku ile ndiye anayemtengenezea soli za ndani za ngozi laini na sponji. Mimi ni fundi wa vifaa vya elektroniki. Swali aliloniletea shemeji lilikuwa fupi: apunguze wapi na aongeze wapi? Mteja mwenye miguu inayohisi humwambia fundi mahali panapombana. Mama hawezi, kwa hiyo ilibidi tutafute njia ya kuiuliza soli yenyewe.

Ndipo nilipoanza kushughulika na vihisi vyembamba vya ukinzani, ambavyo madukani huitwa sensa za kubonyeza. Imenichukua miezi 4 na nimeharibu vihisi 3. Ninachotaka kukieleza hapa ni jambo ambalo sikulikuta limeandikwa vya kutosha kwa Kiswahili, nalo ni kwamba kihisi cha namna hii husikia mguso, na uzito hukifikia kwa kupitia mguso huo tu, kiasi kwamba sehemu kubwa ya kazi imo katika kuifikisha kani juu yake kwa namna ileile kila mara. Saketi ni kazi ya siku mbili. Hilo lingine ndilo lililokula miezi.

Kwa asiyekijua, kihisi chenyewe ni kijikaratasi cha plastiki chenye mkia. Kina matabaka mawili: moja limechapwa njia za fedha zinazopishana kama vidole vya mikono miwili isiyogusana, na jingine limepakwa wino wenye kaboni. Ukingoni kuna ukanda wa gundi unaoyatenganisha kwa mwanya mdogo wa hewa. Kisipobonyezwa, ukinzani wake huzidi megaomu 10, yaani ni kama waya uliokatika. Ukikibonyeza, wino unazigusa njia za fedha. Na kwa kuwa uso wa wino, ukitazamwa kwa hadubini, una vilima na mabonde, kadiri unavyoongeza kani ndivyo vilima vingi zaidi vinavyolazwa, na mkondo unapata njia nyingi zaidi za kupita. Aina hii ilibuniwa na Franklin Eventoff huko Marekani mwaka 1977, na kampuni ya Interlink Electronics ndiyo iliyoieneza. Ipo na aina nyingine, ya kampuni ya Tekscan, ambayo wino umepakwa pande zote mbili na unene wake ni milimita 0.2 tu, kama karatasi 2 za daftari. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1987 na kifaa cha kupima jinsi meno yanavyoumana. Mdomoni na ndani ya kiatu tatizo ni lilelile: hakuna nafasi ya kuweka kitu kinene bila kuharibu kile unachotaka kukipima.

Jambo la kwanza lililonichanganya ni kwamba ukinzani haushuki kwa mstari ulionyooka. Kwa kihisi cha duara cha kawaida, kani ya nyutoni 0.2 hutoa takriban kiloomu 30, nyutoni 1 hutoa kiloomu 6, nyutoni 10 hutoa kiloomu 1, na nyutoni 100 hutoa omu 250. Chukua sasa saketi ambayo karibu kila mtu huanza nayo, yaani kihisi na rezista ya kiloomu 10 vimefuatana kwenye volti 5, nawe unasoma volteji ya kwenye rezista. Utapata volti 1.25, kisha 3.1, kisha 4.5, kisha 4.9. Bodi ya Arduino ya kawaida, yaani kompyuta ndogo ninayosomea vihisi, hugawa volti 5 katika hatua 1,024. Kutoka nyutoni 1 hadi 10 unapata hatua kama 290. Kutoka 10 hadi 100 hazifiki hata 70. Unyayo wa mtu mzima hufanya kazi yake katika eneo hilo la pili, na ndiyo maana grafu yangu ya kwanza ilipanda mara moja mpaka juu na kubaki huko, mama awe amesimama kwa mguu mmoja au miwili.

Kinachokwenda sambamba na kani ni kinyume cha ukinzani, yaani upitishaji. Ukiwa bado na saketi ya mwanzo, unaweza kuupata kwa hesabu: gawa volteji uliyoisoma kwa zao la rezista yako na tofauti iliyobaki kufika volti 5. Hesabu hiyo hainyooshi kila kitu, kwa sababu hatua zilizobanana juu zimeshapotea. Nilihamia kwenye kikuzaji. Kihisi hukaa kati ya mlango hasi wa kikuzaji na ardhi (yaani volti 0 ya saketi), rezista nyingine hurudi kwenye mlango huohuo kutoka kwenye tokeo, na mlango chanya hupewa volti 0.5 iliyotulia. Tokeo huwa ni volti 0.5 pamoja na sehemu inayokua kwa kadiri ya upitishaji. Ukiitoa ile 0.5, namba inayobaki inafuata kani. Nilichagua volteji ndogo makusudi, kwa kuwa watengenezaji hushauri mkondo usizidi miliampea 1 kwa kila sentimita ya mraba inayobonyezwa. Chipu ya kikuzaji ya LM358 inapatikana kirahisi mjini, lakini mwenye kuitumia akumbuke kwamba ikilishwa volti 5 tokeo lake haliendi zaidi ya takriban volti 3.5, kwa hiyo rezista ya kurudisha ichaguliwe ili kani kubwa inayotarajiwa iishie volti 3.

Vihisi 3 vilivyoharibika vilikufa hivi. Kimoja nilikilehemu moja kwa moja kwenye mkia, na joto likayeyusha plastiki. Tangu hapo ninabana viunganishi kwa koleo, au ninanunua vyenye pini tayari. Cha pili nilikiziba chote kwa utepe ili jasho lisiingie, bila kujua kwamba aina yenye mwanya wa hewa hupumua kupitia mkiani. Hewa iliyofungiwa ikawa inasukuma matabaka, na kihisi kikasoma chochote kilichokipendeza. Cha tatu kilikunjika mahali vidole vinapoanzia, ambapo soli hupinda kwa kila hatua, mpaka njia za fedha zikakatika.

Vilivyosalia vilinifundisha zaidi, kwa sababu vilikuwa vizima na bado havikusema kweli. Nilivigundisha juu ya ngozi laini ya soli kwa gundi ya viatu. Mama akivaa, akatembea hatua 10, akavua, akavaa tena na kutembea hatua 10 nyingine, namba za mara ya pili zilitofautiana na za kwanza hata kwa theluthi. Kiatu kikiwa kitupu juu ya meza, kihisi cha mbele kilikuwa tayari kinasoma kitu, kwa kuwa mkunjo wa soli peke yake ulitosha kukibonyeza. Nilihangaika na programu kwa wiki nzima kabla sijakaa na shemeji tukaitazama soli yenyewe. Yeye ndiye aliyeona. Ngozi chini ya kihisi inabonyea, na juu yake nyama ya unyayo inatua mara katikati, mara pembeni, mara nusu juu ya kihisi na nusu nje. Kani ileile ikitua mahali pawili tofauti inagusisha vilima tofauti.

Dawa ilikuwa kukipa kihisi sakafu na kofia. Sakafu ni kisahani kigumu tulichokikata kwenye ubavu wa dumu la mafuta ya kula. Kofia ni kiduara cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kidogo kuliko eneo linalohisi: vihisi ninavyotumia sasa, vya aina ya pili na vyenye uwezo wa nyutoni 111, vina eneo la kipenyo cha milimita 9.5, na mpira wangu una milimita 8, ambao hufunika kama asilimia 70 ya eneo hilo. Kwa njia hiyo kani yote inayofika kwenye mpira hupita ndani ya eneo linalohisi na haigusi ukingo. Baada ya hapo tofauti kati ya kuvaa na kuvaa tena ilishuka chini ya sehemu moja ya kumi.

Nimeweka vihisi 4 kwa kila mguu: chini ya kidole gumba, chini ya fundo la mfupa lililo nyuma ya kidole hicho, chini ya fundo la kidole kidogo, na katikati ya kisigino. Ninasoma mara 100 kwa sekunde, kiasi kinachotosha kabisa kwa mwendo wa kutembea. Naomba maoni yenu, hasa juu ya namna ya kusanifisha, yaani kulinganisha namba za kihisi na kani inayojulikana, kwa sababu mpaka sasa ninaweka vifurushi vya sukari vya kilo moja moja juu ya kihisi na sina hakika kama ndivyo inavyofaa.

Mwalimu wa fizikia (Sengerema)

Mleta uzi, salamu, na pole kwa mama. Kazi hii nimeisoma mara mbili.

Kuhusu vifurushi vya sukari nina mambo mawili. Kwanza, kilo si kani. Kilo moja hapa kwetu, karibu na ikweta na juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, inavutwa na ardhi kwa nyutoni 9.78 hivi, wanafunzi wangu hupenda kuandika 10, na kwa kazi ya darasani ninawaachia, lakini wewe usijiongezee kosa la asilimia 2 bure. Pili, kifurushi ni laini na kipana kuliko kihisi, kwa hiyo sehemu ya uzito inashikwa na meza au na mkono wako unaokizuia kisianguke.

Tumia ubao na maji. Upande mmoja wa ubao ulaze juu ya ncha ya chuma cha pembe, upande wa pili utue juu ya kofia yako ya mpira, na hakikisha ubao umelala sawa. Ndoo ukiiweka katikati kabisa, kihisi kinabeba nusu yake. Lita moja ya maji kwa joto la hapa Mwanza ina kilo 0.997, kwa hiyo lita 10 katikati ya ubao ni takriban nyutoni 49 juu ya kihisi, ukijumlisha nusu ya uzito wa ubao na wa ndoo, ambayo utaipima mara moja na kuiandika pembeni. Uzuri wa maji ni kwamba unaongeza lita kwa lita bila kukigusa kihisi, na unaweza kuyapunguza kwa mpira wa kunyonya vilevile bila kukitikisa. Pima ukipanda, kisha pima ukishuka. Ninashuku namba za kushuka hazitalingana na za kupanda.

Mleta uzi

Mwalimu, ahsante sana. Nimefanya kama ulivyoelekeza kwa siku tatu mfululizo, na ulichoshuku ndicho kilichotokea. Nikiongeza maji mpaka lita 12 kisha nikirudi chini, kila kituo cha kushuka kinasoma juu kidogo kuliko kituo kilekile cha kupanda. Vilima vya wino vilivyolazwa havisimami tena papo hapo. Vitabu huiita tabia hii histeresisi. Kwa aina hii ya kihisi mtengenezaji anasema haizidi asilimia 4.5, na kwa aina yenye mwanya wa hewa inafika asilimia 10.

Niligundua jambo jingine ambalo kwa kazi yangu ni kubwa zaidi. Niliiacha ndoo juu ya ubao nikaenda kula, na niliporudi namba ilikuwa imepanda ingawa hakuna aliyeongeza maji. Kihisi kinatambaa. Mtengenezaji huweka kikomo cha asilimia 5 kwa kila muda unapozidishwa mara kumi, yaani kutoka dakika 1 hadi 10 kinaweza kuongeza mpaka asilimia 5, kutoka 10 hadi 100 asilimia 5 nyingine. Fikiria sasa mama anayesimama nyuma ya meza ya dagaa kwa saa mbili. Nisingejua hili, ningeona mstari ukipanda taratibu nikadhani anachoka na kuhamishia uzito kwenye mguu mmoja, na ningemwambia shemeji abadilishe soli kwa sababu ya tabia ya wino. Kwa hiyo nimeacha kabisa kupima kusimama. Ninapima hatua tu, kwa sababu katika hatua mguu hunyanyuka na kihisi hupumzika kila baada ya sekunde moja.

Joto nalo lina mchango wake, ingawa si mkubwa. Kihisi changu hubadilika kwa asilimia 0.36 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Tukisanifisha asubuhi kukiwa na nyuzi 22, kisha mama akapima kiatu kikiwa na nyuzi 35 ndani, hiyo ni karibu asilimia 5. Sasa tunasanifisha baada ya soli kukaa mguuni dakika chache.

Na kwa atakayefuata njia hii: kabla ya kusanifisha kihisi kipya, kizoeshe. Kibebeshe asilimia 110 ya kani kubwa utakayoipima, kishike sekunde chache, kiachie, rudia mara 4 au 5. Mimi ninatarajia nyutoni 60, kwa hiyo ninakizoesha kwa 66. Kihisi kisichozoeshwa hubadilisha tabia katikati ya kazi, na hapo usanifishaji wote wa maji unakuwa umepotea.

Mwanafunzi (Malimbe)

Shikamoo wakubwa. Mimi nipo mwaka wa pili na bajeti yangu haifiki kwenye vihisi vya kuagiza. Nimesoma kuhusu plastiki nyeusi iitwayo Velostat, na pia nina sponji nyeusi ambayo chipu huja zimechomekwa. Je, vinaweza kufanya kazi hii?

Mleta uzi

Marahaba. Vinafanya kazi kwa kanuni inayokaribiana. Velostat ni plastiki iliyochanganywa na kaboni. Ukiiweka kati ya vipande viwili vya karatasi ya shaba au ya alumini, ukinzani hushuka unapobonyeza. Sponji nyeusi ya chipu ina kaboni vilevile. Angalia rangi, kwa sababu ile mifuko ya waridi ya kuhifadhia bodi haipitishi mkondo wa kutosha, na usipoteze siku nayo.

Kwa kujifunza, anza na hiyo sponji leo hii, kwa kuwa utaona kwa macho yako yote tuliyoyazungumza hapa, tena kwa ukubwa zaidi: ukiiachia baada ya kuibonyeza, utaiona namba ikirudi polepole pamoja na sponji yenyewe. Kwa kujua kama mtu amekaa kwenye kiti, au kama mkono wa roboti umeshika yai, inatosha. Kwa mguu wa mgonjwa sikushauri, maana hutajua tofauti uliyoiona imetoka kwenye mguu au kwenye sponji.

Mfanyabiashara wa dagaa (Kirumba)

Wakuu, nimefuatilia kwa makini. Ikiwa kihisi kimoja kinabeba nyutoni 445 kama nilivyoona kwenye tangazo, hiyo si kama kilo 45? Nikiweka 4 chini ya ubao, siwezi kupata mzani wa gunia wa bei nafuu?

Mleta uzi

Kaka, hesabu yako ya kilo ni sahihi, lakini nakusihi usifanye hivyo. Chukua kutambaa peke yake: asilimia 5 ya gunia la kilo 50 ni kilo 2.5 za dagaa, na zitamwendea muuzaji au mnunuzi kutegemea gunia limekaa juu ya ubao kwa muda gani. Kuna mtu ataonewa kila siku bila aliyekusudia kumwonea. Kumbuka pia kwamba mizani ya biashara hukaguliwa na kugongwa muhuri na Wakala wa Vipimo, na kifaa cha namna hii hakitapita.

Kwa uzito tumia lodiseli, kile kipande cha chuma kilicho ndani ya mizani ya kidijitali. Juu yake zimegundishwa nyuzi nyembamba za metali zilizokunjwakunjwa. Chuma kikipinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, nyuzi hurefuka na ukinzani wake hupanda kidogo sana. William Thomson, yule aliyeitwa baadaye Lord Kelvin, aliliona jambo hilo kwenye waya mwaka 1856, na mwaka 1938 Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kwa upande wake, wakalifanya kuwa kipimo cha kugundisha. Mabadiliko ni madogo kiasi kwamba nyuzi hupangwa katika daraja la Wheatstone, yaani saketi ya ukinzani 4 inayoonyesha tofauti ndogo, na kusomwa kwa chipu kama HX711 yenye biti 24. Kani hapo inapita ndani ya chuma, na chuma hurudi mahali pake. Kwangu mimi hailingani na nafasi, kwa kuwa siwezi kumwekea mama kipande cha chuma chini ya unyayo. Kwako nafasi ipo tele.

Muuguzi mstaafu (Nansio, Ukerewe)

Mwanangu, hongera kwa moyo wako kwa mama. Nimehudumia miguu ya wagonjwa wa kisukari kwa muda mrefu, na nimesita kuandika kwa sababu sitaki kukuvunja moyo, lakini kuna jambo moja lazima niliseme wazi.

Umesema umeweka kisahani kigumu cha dumu na kofia ya mpira chini ya unyayo usiohisi. Kitu kigumu kidogo ndani ya kiatu ndicho hasa tunachowafundisha wagonjwa wakitafute kwa mkono kila asubuhi kabla ya kuvaa. Kokoto moja, msumari mmoja uliochomoza, mkunjo wa soksi: vidonda vingi nilivyovifunga vilianzia hapo. Kipimo chako kinaweza kuwa chanzo cha kidonda unachokizuia. Je, mama anatembea navyo siku nzima?

Na je, alishapimwa hisia kwa uzi wa nailoni? Ule uzi hupinda unapofikia kani ya gramu 10, na asiyeuhisi sehemu kadhaa za unyayo huhesabiwa kuwa hatarini. Kipimo hicho ni cha bei ndogo na hakina umeme.

Jambo la mwisho. Miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari hutaka shinikizo la juu kabisa ndani ya kiatu lipungue kwa asilimia 30 au zaidi, au lisizidi kilopaskali 200. Vihisi vyako vinaweza kusema lolote kuhusu namba hizo?

Mleta uzi

Shikamoo mama. Nakushukuru kwa dhati, na nimechukua siku 9 kabla ya kujibu kwa sababu nilitaka kujibu kwa kazi.

Mama mdogo alipimwa kwa uzi huo kliniki, na hakuuhisi chini ya kidole gumba wala chini ya fundo lake, miguu yote miwili. Soli za kupimia hakuwahi kutembea nazo siku nzima. Alizivaa ndani ya nyumba kwa dakika 15 hivi. Hata hivyo sikuwa nimemkagua miguu baada ya kila kipimo, na hilo lilikuwa kosa langu. Tumebadilisha hivi: kisahani na kihisi vimezamishwa kwenye tundu ndani ya sponji, kofia ya mpira imesawazishwa na uso wa sponji, na juu ya vyote imelazwa ngozi nzima isiyo na mshono. Shemeji alipitisha kiganja juu yake huku amefumba macho, akaendelea kuchonga mpaka alipokuwa hawezi kusema vihisi viko wapi. Kipimo sasa ni dakika 5, juu ya mkeka, akiwa amevaa soksi nene, na kabla na baada yake binti yake anamkagua unyayo wote kwa mwanga wa simu.

Kuhusu kilopaskali 200, jibu langu ni hapana. Kwa eneo la kipenyo cha milimita 9.5, shinikizo hilo ni sawa na nyutoni 14 hivi, na ningeweza kuandika namba hiyo kwenye programu na kuweka taa nyekundu. Lakini kofia ya mpira hukusanya kani kutoka kwenye nyama inayoizunguka, kwa hiyo nyutoni ninazozisoma si zile ambazo zingekuwapo bila kofia. Tena nina vituo 4 tu kwa mguu, na sehemu yenye shinikizo kubwa zaidi inaweza kuwa sentimita 2 pembeni, nami nisiione. Kutangaza kilopaskali kwa kifaa hiki kungekuwa kumdanganya mgonjwa.

Asilimia 30 ni habari nyingine. Hapo ninalinganisha kihisi kilekile, kofia ileile, mahali palepale, joto lilelile, mama yuleyule, kabla na baada ya shemeji kuchonga. Kosa linalojirudia kwa namna moja pande zote mbili linajifuta katika kugawanya. Nilichoomba tangu mwanzo ni kujua wapi apunguze, na kwa hilo kifaa kinatosha.

Mwalimu wa fizikia (Sengerema)

Hoja ya uwiano ni sahihi, mradi kosa liwe la kuzidisha. Likiwa la kujumlisha, kama ule usomaji wa kiatu kitupu, halitajifuta. Je, unatoa namba ya kiatu kitupu kabla ya kugawanya?

Mleta uzi

Ndiyo, Mwalimu, na ninaitoa upya kila hatua, mguu unapokuwa hewani, kwa kuwa usomaji wa soli iliyopinda haufanani na wa soli iliyolala mezani.

Matokeo ya mguu wa kulia ni haya. Shemeji alichonga bonde dogo chini ya fundo la kidole gumba na kuinua sponji nyuma yake, ili uzito ushikwe na sehemu ya mifupa mirefu kabla haujafika kwenye fundo. Kwa wastani wa hatua 40 kabla na hatua 40 baada, kilele cha fundo kilishuka kutoka nyutoni 41 hadi 27, ambayo ni asilimia 34. Kisigino hakikubadilika. Kidole gumba chenyewe kilipanda kutoka 22 hadi 26, jambo ambalo hatukulitegemea. Shemeji anaona ukingo wa mbele wa bonde ndio unaokisukuma, na ameupunguza milimita 2. Mama anasema haoni tofauti yoyote, na hivyo ndivyo itakavyokuwa daima kwake.

Nitampigia muuguzi wa kliniki yake aje aione soli kabla ya kuanza kuvaliwa sokoni. Jumamosi tunapima ukingo mpya, kisha tunaanza mguu wa kushoto. Namba nitazileta hapahapa.